Mbuzi 1, Kuukuu

Kisanduku cha kumi na saba nilikiacha wazi.
Naanza na hilo, maana barua niliyowaandikia Forodha
inaanza kwa salamu, inapita kwenye sheria,
na hilo inaliweka aya ya nne,
mahali ambapo macho ya msomaji yamekwisha kuchoka.

Bi Shinuna binti Humoud amerudi Suhar kutoka Lindi
baada ya miaka arobaini na mmoja.
Orodha ya vyombo aliiandika mwenyewe,
kalamu ya buluu, karatasi ya daftari la shule:
samadari 1, cherehani 1, sinia 7,
kinu na mchi wake,
mbuzi 1.

Mfasiri wetu wa siku ile hajawahi kukuna nazi.
Akaandika kwa Kiarabu: mbuzi, mmoja, hai.
"Hai" alijiongezea, kwa ukamilifu.

Bandari ikasimama kumsubiri mbuzi.
Daktari wa mifugo akaja na glavu, akataka cheti cha chanjo.
Kontena likafunguliwa saa saba mchana, mwezi wa Juni,
bati halishikiki,
na mbuzi akatolewa:
kibao cha mninga, miguu ya kukunja,
ulimi wa chuma wenye meno.
Daktari akaugusa kwa kidole.
Akasaini kwamba mnyama hana homa.

Tulicheka sana. Na katika kucheka kule nikapitiwa.
Kisanduku kile ndicho cha msamaha:
mwenyeji anayerejea, vyombo vya nyumbani, vilivyotumika.
Tarakimu tatu tu.
Mashine haina uchoyo wala huruma;
isipoambiwa samehe, hutoza.
Rial mia na themanini na sita, baisa mia nne.

Bi Shinuna aliuliza mara moja: "Hata kwa vyangu mwenyewe?"
Nikasema ndivyo sheria ilivyo.
Sikujua kwamba nadanganya.

Nilijua usiku, nikiosha vikombe.

Wenyewe husema maji yakimwagika hayazoleki.
Forodha yanazoleka, ila kwa kijiko,
na kila kijiko kina muhuri wake.
Stakabadhi halisi, si kivuli. Tamko la awali. Pasipoti.
Na ushahidi kwamba vitu vimetumika.

Nikaenda kwake na simu, kupiga picha.
"Hapa," akasema, "pasi ilisahauliwa, siku ya msiba wa baba."
Kanyagio la cherehani limelika upande mmoja:
mama yake alikuwa akichechemea.
Chini ya kila sinia, jina limekwaruzwa kwa msumari
lisipotee arusini.
Kinu kina ufa, ufa una waya,
waya una kutu.
Na mbuzi, kibao kimebonyea
kwa makalio ya wanawake watatu, wawili marehemu;
meno matano hayapo.
Picha thelathini na nne.
Chini ya kila moja nikaandika: kimechubuka, limelika, umepasuka,
nami, miaka tisa kazini, sijapata kuuandika uchakavu
kwa adabu namna ile.

Dirisha la tatu likanipeleka la kwanza.
La kwanza lilikuwa likizoni.
Nikarudi.
Siku ya tisini na mbili simu ya Bi Shinuna ikalia kibandani,
pesa zimeingia:
rial mia na themanini na sita.
Zile baisa mia nne, wanasema, bado wanazitafuta.

Nikampelekea nakala ya faili lote.
Akavaa miwani. Akasoma taratibu, na macho yake
hayakuchoka aya ya nne:
*kutokana na usahaulifu wa wakala.*
"Huyu wakala," akauliza, "hana jina?"

Feni ilizunguka.
Nikamwomba kalamu yake ya buluu,
nikaliandika pembeni, lote, na la babu.

Akalitazama hadi wino ukakauka.
Kisha akanisukumia mbuzi kwa mguu.
"Haya, kaa. Nazi mbili.
Na angalia vidole. Huyo yu hai."